Ushuhuda wetu wote uko kwenye "nilikuwa". Nani atatuambia habari za leo?

Bwana asifiwe wapendwa. Uzi huu ni mrefu, tuvumiliane.

Nimeokoka mwaka wa kumi na moja sasa. Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi, ile ambayo wazee wa mjini bado wanaiita Grogan. Jumapili niko kwaya, sauti ya tatu. Nimesikia shuhuda nyingi mno, na nyingi naweza kukuambia zitaishia wapi kabla mtu hajapokea kipaza sauti. Nilikuwa mlevi. Nilikuwa mzinzi. Nilikuwa nacheza kamari mpaka pesa ya kodi ya nyumba. Lakini Bwana akanitoa! Kanisa linasimama, vigelegele, makofi. Nami napiga makofi kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni kweli Bwana anawatoa watu, nami ni mmoja wao.

Lakini hebu angalieni vitenzi vyetu. Dhambi zote ziko kwenye -li-. Wokovu uko kwenye -me-. Miaka kumi na moja sijasikia mtu aliyeokoka akishika kipaza sauti akaweka dhambi yake kwenye -na-. Sijasikia mtu akisema, Jumanne nilimdanganya mteja, jana nikamdanganya tena, na ninaogopa kesho. Basi aliyekaa kiti cha nyuma na dhambi ya Jumanne anaangalia huku na huku, anaona watu waliomaliza vita zamani, anajiambia, "Hapa ni mimi peke yangu. Labda sikuokoka."

Mimi nimekaa kwenye hicho kiti. Wacha nianze na yangu.

Fundi anaingia dukani na pedi za breki zilizokwisha, anaziweka kwenye kaunta. Anataka mpya. Namwambia shilingi 3,200. Analipa, halafu anainama karibu kidogo, sauti inashuka: "Niandikie 4,500." Gari si lake. Mwenye gari yuko ofisini anasubiri kuletewa risiti, na ile 1,300 itabaki mfukoni mwa fundi. Kitabu changu cha risiti kina karatasi ya kaboni katikati. Nikiandika ikiwa pale, nakala ya juu na ya chini zinasema kitu kimoja. Kwa hiyo unaichomoa. Unaandika 4,500 juu, unampa fundi, kisha chini unaandika 3,200 ya mwenye duka. Sekunde kumi na tano hivi. Wino wa bluu unabaki kwenye kidole gumba, na nilizoea kuupangusia kwenye suruali.

Asiyefanya biashara mtaa ule atasema, si ukatae tu! Ndugu yangu, duka la kulia linaandika. La kushoto linaandika. Fundi ukimkatalia leo hatarudi kesho na mwezi ujao, na ndiye anayeleta magari ishirini kwa mwezi. Mara nyingine ananiachia mia mbili ya chai. Mwenye duka anapiga hesabu ya mauzo kila jioni. Siitafutii dhambi kisingizio. Naeleza tu jinsi ilivyovaa sare ya kazi, ikanijia mchana kweupe ikiniita "boss".

Ya pili ni simu, usiku, mke akiwa amelala. Hiyo sitaieleza zaidi. Wanaume wengi mnaosoma hapa mmeshanielewa.

Na kuna jambo nililoligundua kuhusu saa. Nilipoanza kujichunguza niliona kwamba karibu mara zote nilizochomoa kaboni ilikuwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Asubuhi nafungua duka nikiwa nimeomba, niko imara. Jioni niko na haraka ya kurudi nyumbani. Pale katikati ndipo moyo unapolegea: jua kali, wateja wachache, njaa, hesabu ya siku bado haijafika popote. Baadaye nikasoma habari za Evagrio, mtawa aliyeishi jangwa la Misri na kufariki mwaka 399. Aliandika kwamba pepo wa uchovu wa roho humvamia mtawa kuanzia saa ya nne, humzingira mpaka saa ya nane. Anamfanya aone jua haliendi, achungulie dirishani kila mara, aichukie kazi ya mikono yake. Wakati ule walihesabu saa tangu macheo kama sisi Waswahili tunavyohesabu, kwa hiyo saa nne yake ndiyo saa nne yangu. Zaburi ya 91 nayo inataja uele uharibuo adhuhuri. Mtu wa jangwani, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, bila duka wala fundi, anazijua saa zangu!

Kuna siku nilikwenda bustani ya Jeevanjee, katikati ya mji, saa ya chakula cha mchana kusikiliza neno, kama watu wengi wa mjini wanavyofanya. Nilitubu nikiwa nimesimama chini ya mti, machozi yakanitoka mbele ya watu nisiowajua. Nikarudi dukani mwepesi kabisa. Saa nane fundi alikuwa ananisubiri kwenye kaunta. Nikachomoa.

Jioni ile kwenye matatu, foleni ya Jogoo Road haiendi, nilifungua Warumi 7. Nimeisoma sura ile mara nyingi, lakini siku hiyo nikaona vitenzi. Mwanzoni Paulo anasema habari zilizopita: "Nami nalikuwa hai hapo kwanza bila sheria." Halafu kuanzia mstari wa 14 anabadilika. "Lile nilipendalo, silitendi, bali lile nilichukialo ndilo ninalolitenda." Ninalolitenda! Hakusema nililolitenda nilipokuwa Farisayo. Najua wapo wanaofundisha kwamba pale Paulo anasema kwa niaba ya mtu ambaye bado hajamjua Kristo, na mabishano hayo ni ya kale, sitayamaliza mimi. Lakini mtu asiyemjua Kristo hasemi "naifurahia sheria ya Mungu kwa utu wa ndani". Mimi naifurahia. Ndiyo maana inaniuma.

Agostino naye ni Mwafrika mwenzetu, alizaliwa Thagaste mwaka 354, mji ambao leo uko Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, watu wanazikumbuka sana zile sehemu za ujana wake, wanawake na yale mapeari aliyoiba. Hiyo ni -li-. Lakini ukifika kitabu cha kumi ndani yake, anageuka na kueleza hali aliyonayo wakati anaandika. Ni askofu. Ni zaidi ya miaka kumi tangu abatizwe mwaka 387. Na anaungama ndoto zinazomsumbua usiku, anaungama kwamba mezani hajui pale haja ya mwili inapokoma na ulafi unapoanza, anaungama kwamba anapenda kusifiwa. Anasema hata mjusi akikamata nzi, au buibui akiwanasa kwenye utando wake, akili yake inakimbilia huko. Askofu anaungama mjusi! Sisi kwaya tungemcheka.

Nina mfano wa karibu kuliko huo. Cucu yangu, yaani bibi yangu, wa Murang'a, alikuwa wa wale walioitwa ahonoki, watu wa uamsho ulioanzia Gahini kule Rwanda, ukapita Uganda na kuingia kwetu miaka ya 1930. Nikiwa mtoto nilikuwa naandamana naye kwenye mikutano yao, nakaa kwenye nyasi nikingoja chai. Neno lao kuu lilikuwa kutembea nuruni. Siku moja cucu alisimama, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa, akasema, "Juzi niliongeza kikombe kimoja cha maji kwenye maziwa ya kupeleka. Mama huyu hapa alikunywa maji yangu akanilipa maziwa." Akamwonyesha jirani yake aliyekaa mstari wa pili. Yule mama akainuka, wakashikana mikono, wakaimba ule wimbo wao wa Kiganda. Kisha mwingine akasimama na lake. Hakuna aliyeshtuka kwamba mtu aliyeokoka miaka thelathini ametia maji kwenye maziwa. Walichokiona kibaya ni kulala nalo.

Nauliza: lile lilitutoka lini? Nadhani tulianza kuliogopa tulipoanza kugawa vyeo kwa kuangalia nani ana ushuhuda mzuri. Ukisema la leo, kesho huongozi kipindi cha sifa. Basi kila mtu analeta la zamani lililokauka, lisilonuka.

Kwa upande wangu nimefanya mambo mawili tu. Nilimtafuta ndugu mmoja, si pasta, ni mwuza vitabu tuliyeabudu naye tangu ujana, nikamwambia yote, ya kaboni na ya simu. Nilitetemeka kama nina malaria. Yeye akanyamaza, kisha akaniambia lake, ambalo sikulitarajia kamwe. Tangu siku hiyo tunapigiana kila jioni saa kumi na moja. Hatuhubiriani. Ananiuliza, "Kaboni?" Nami namuuliza lake kwa neno moja. Siku nyingine simu yetu haifiki dakika mbili.

La pili ni stepla. Kila nikimaliza risiti, nikiwa peke yangu na kichwa kimetulia, nahamishia kaboni kwenye ukurasa unaofuata na kuibana kwa pini mbili kabla mteja hajaingia. Nikitaka kuichomoa itabidi nikwangue pini kwa ukucha mbele ya fundi. Tunapoomba mlango wa kutokea, ule wa 1 Wakorintho 10:13, mimi nilikuwa nasubiri malaika. Mlango wangu ukawa pini mbili za stepla.

Bado naanguka. Si kama zamani, lakini naanguka. Karibuni, na mwenye la kwake alilete.

*

SimbaWaMlimani ameandika:
Mtumishi, umenena vizuri lakini unatudekezea dhambi. 1 Yohana 3:9, kila mtu aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Neno halina kona. Ukiona unarudia, rudi msalabani ukaokoke sawasawa.

Jibu langu:
Ndugu yangu, aya hiyo siikwepi, na ndiyo iliyonitoa usingizini. Lakini Yohana huyohuyo, barua hiyohiyo, sura ya kwanza, anasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Sura ya pili anasema anaandika ili tusitende dhambi, na mtu akitenda tunaye Mwombezi kwa Baba. Wafasiri wengi wanaelewa kitenzi cha Kiyunani kwenye 3:9 kuwa ni kuendelea kutenda, kuifanya dhambi kuwa makao. Hapo nakubaliana nawe kabisa: ile miaka niliyochomoa kaboni kila siku na Jumapili nikaimba bila kuumwa, nilikuwa mahali pa hatari kubwa. Ningekufa siku zile sijui ningesema nini. Ninachokataa ni kumwambia mtu anayepigana kwamba kupigana kwake ndiyo dalili kwamba hajaokoka. Nimeokoka "sawasawa" mara nne kwenye mikutano ya hadhara, mkuu. Kila mara nilitoka na kadi ya kujaza, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nafanya kazi gani.

*

MamaTumaini ameandika:
Kaka, asante. Yangu ni hasira ya asubuhi. Watoto wanatafuta soksi, basi la shule linapiga honi, dada wa kazi ameunguza uji, na mimi natoa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Saa mbili nikiwa kazini natubu. Kesho yake yaleyale. Lakini habari ya kuungama naiogopa. Nililisema jambo la nyumbani kwenye kikundi cha maombi, wiki haikuisha likawa limefika kwa shemeji yangu likiwa na mikia.

Jibu langu:
Pole sana dada yangu. Hilo ni jeraha na halikuwa kosa lako. Hata enzi za akina cucu lilikuwepo, kuna mambo yaliyosemwa mbele ya wengi na ndoa hazikupona. Ndiyo maana sisemi kila kitu kipelekwe kwa kila mtu. Yakobo 5:16 inasema tuungame ninyi kwa ninyi, na wawili tayari ni "ninyi kwa ninyi". Tafuta mwanamke mmoja, umri wake ukiwa umekupita kidogo itafaa, ambaye hujawahi kumsikia akikuletea habari za mtu mwingine. Hicho ndicho kipimo changu: anayekuletea za watu atapeleka na zako. Na usiende peke yako kwa mtumishi mwanamume na mambo ya ndani ya nyumba, nasema hivi nikijua ninachosema.

Kuhusu asubuhi, samahani nikisema jambo la jikoni: soksi ziwekwe ndani ya viatu usiku. Mungu alimwambia Kaini dhambi inamwotea mlangoni. Ukiujua mlango, unafika kabla yake. Na dada wa kazi, ukishampigia kelele, usiishie kutubu kwa Mungu ukiwa ofisini. Jioni mwombe msamaha yeye, kwa jina lake, watoto wakisikia.

*

MwanaParokia ameandika:
Nikisoma naona kama mnatafuta kitu ambacho sisi Wakatoliki tunacho. Kitubio, kuungama dhambi mbele ya padre. Nenda Holy Family Basilica utakuta watu kwenye foleni, mwenye suti na mwenye aproni ya kazi. Wote wanakwenda kusema la wiki hii.

Jibu langu:
Umenigusa. Niliwahi kuingia pale kujikinga mvua, nikaiona foleni hiyo, nikafikiri: hawa watu wamekubali kuonekana wamesimama kama wenye dhambi za sasa hivi. Foleni yenyewe ni ushuhuda. Tunatofautiana kuhusu padre na maondoleo, na sidhani tutamaliza hapa, lakini hilo la kusimama kwenye foleni tulilipoteza sisi. Swali langu kwako, kwa heshima: je, hamfiki mahali mtu anakariri orodha ileile kila mwezi mpaka ulimi unajiendea wenyewe? Nauliza kwa sababu hata simu yetu ya saa kumi na moja ilishaanza kuwa hivyo. "Kaboni?" "Safi." Siku moja ndugu yangu alinistukia kwenye sauti, akaniambia, "Rudia tena hilo jibu polepole." Sikuweza.

MwanaParokia:
Tunafika. Padre mmoja mzee aliniambia niache orodha, nianze na ile dhambi ambayo nimeiweka mwisho nikitumaini hataisikia.

*

Mlipakodi_Kayole ameandika:
Mimi ni mwenye gari. Nimesoma hii kitu nikiwa na risiti za fundi wangu kwenye droo. Umeungama kwa Mungu, umeungama kwa rafiki, umeungama hapa. Na sisi tuliolipa?

Jibu langu:
Nimelikalia swali lako siku nzima kabla ya kujibu. Una haki. Zakayo hakuishia kupanda mti, alisema kama amemtoza mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Wengi wenu siwajui kwa jina, risiti ziliandikwa "cash". Lakini kwenye nakala moja ya chini palikuwa na namba ya simu ya mwenye gari, mama mmoja. Ilinichukua wiki tatu kumpigia. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini, nikamtumia 1,300 kwa simu, papo hapo. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani amekata. Kisha akauliza, "Na huyo fundi umemwambia kwamba unaniambia?" Sikuwa nimemwambia. Akasema, "Basi mwambie, kwa sababu nitamuuliza." Nilikwenda gereji kumwambia. Sitasimulia yaliyofuata, ila hatununui na kuuziana tena, na mwenye duka ameona pengo kwenye mauzo. Aliponiuliza nikamweleza. Akaniuliza watoto wangu watakula ukweli? Bado niko kazini, namshukuru Mungu, lakini sijui kwa muda gani.

Mara nne sijafika. 1,300 ndiyo niliyokuwa nayo. Wewe, kama risiti zako ni za Kirinyaga Road, ziangalie vizuri, na fundi umuulize kwa upole. Naye ana kodi ya nyumba.

*

Kijana_wa_Umoja ameandika:
Mzee, umetuambia ya zamani na ya wiki tatu zilizopita. Umesema tunaficha -na-. Sasa leo je?

Jibu langu:
Umeuliza vema kijana wangu, na ni haki yako.

Leo saa sita na dakika kidogo ameingia fundi mgeni, kijana, anataka beringi ya gurudumu la mbele. Akasema maneno yaleyale. Nikasema hapana, lakini kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa, nami nilijua. Akabembeleza. Nikaweka ukucha chini ya pini ya kwanza, ikatoka. Ya pili ilikuwa imeingia vibaya, imekunjika, nikawa naikwangua huku namwangalia usoni nikitabasamu. Ikakataa. Kaboni ikachanika kona. Nikaiangalia ile kona nikaona aibu mpaka masikioni. Nikaandika bei halali, nakala zote mbili, na wino ukanishika kidole. Akaichukua beringi bila kuniaga.

Sijashinda leo, naona kama nimeshikwa mkono nikiwa nimeshainua mguu. Pini ile ya kwanza bado iko hapa kwenye kaunta. Ni saa kumi na moja kamili na ndugu yangu anapiga. Wengine nitawajibu baadaye.